Bomu Lililokosa wa Kulionja

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye mtoto mgongoni akae mbele. Nina fumbo. Lisikilizeni vizuri, kwa sababu mwisho wake sitausema mimi.

Katika nchi ya Ukwange waliishi mafundi watatu. Lubuva alijaliwa macho ya ardhini: akipita juu ya mlima, alijua ndani yake limelala jiwe gani. Sekela alijaliwa akili ya moto: alijua jinsi ya kuliamsha jiwe lililolala. Mapunda alijaliwa mikono: chuma alichokifua kiliruka angani na kutua pale pale alipokituma.

Hawakuwa watu wabaya. Mashavu, mama wa bondeni, angewaambia hivyo. Alipokuwa mjamzito, Lubuva alimvusha mto uliofurika. Aliposhikwa na uchungu, Sekela alimshika mkono mpaka mtoto akatoka. Na mtoto huyo, Tunu, Mapunda alimtengenezea njuga ya bati, akawa halali bila kuitikisa.

Ukwange kulikuwa na desturi. Fundi hakabidhi kazi yake mpaka aitumie kwanza mwenyewe. Mfinyanzi hunywea chungu chake. Mjenzi hulala katika nyumba kabla mwenye nyumba hajahamia. Hata mganga humeza dawa yake mbele ya mgonjwa. Desturi hiyo waliiita kuonja, na kazi isiyoonjwa haikuwa na mwenyewe wala zawadi.

Siku moja Mtawala aliwaita watu uwanjani.

"Nchi kubwa zina mabomu ya nyuklia," akasema. "Zikikohoa, sisi tunatetemeka. Sasa na sisi tutakuwa na letu. Atakayetuwezesha nitampa chemchemi ya mlimani iwe mali yake."

Watu wakashangilia. Mashavu naye alipiga vigelegele. Nani asiyechoka kudharauliwa?

Lubuva akaupasua mlima, akatoa jiwe la urani. Maji ya kuisafishia yakateremka mtoni. Mto ukawa haunyweki, na mbuzi wakazaa vitoto visivyoweza kusimama.

Sekela akaisaga ile urani, akaichuja na kuichuja tena, likabaki donge dogo lenye hasira ya jua. Umeme wote ukaenda kwenye mashine zake. Zahanati ya bondeni ikakaa gizani, chanjo za watoto zikaharibika.

Mapunda akafua kombora la kulibeba lile donge. Chuma kikapungua, zikang'olewa pampu za visima, moja baada ya nyingine.

Ikabaki chemchemi moja tu yenye maji safi, ile ya zawadi. Nayo ilizungushiwa seng'enge, askari wakasimama getini, ikimngoja mshindi.

Bomu lilipokamilika, watu wakakusanyika tena uwanjani.

"Bila jiwe langu mngerusha nini?" Lubuva akauliza. "Mawe ya kusagia?"

"Jiwe lako kuku walikuwa wanalikanyaga," Sekela akamjibu. "Mimi ndiye niliyeliamsha."

"Mkaliamsha liwalipukie wenyewe sebuleni," akasema Mapunda. "Au mngelibeba kichwani mpaka kwa adui, na kata mmeweka?"

Watu wakacheka, hata Mtawala akacheka. Ndipo Mashavu akasimama, Tunu mgongoni, midomo ya mtoto imepasuka kwa kiu.

"Mheshimiwa, nani ataonja?"

Watu wote wakamgeukia.

"Kazi ionjwe," akasema, "mwenyewe ajulikane, apewe chemchemi yake, nasi tumwombe maji. Mwanangu ana homa, na kwangu hakuna hata tone."

Lubuva akakohoa kidogo. "Shemeji, mimi ni mchimbaji tu. Jiwe peke yake halijamdhuru mtu."

"Waulize mbuzi," akasema Mashavu.

"Mwenzangu, mimi niliulizwa swali, nikalijibu," akasema Sekela, bila kumtazama. "Donge langu lingeweza kukaa ndani ya sanduku milele."

"Nami nimetengeneza kitu kinachoruka, dada yangu," akasema Mapunda. "Kinabeba nini, si shauri langu."

"Sasa hivi tu lilikuwa na wazazi watatu," akasema Mashavu. "Mbona limekuwa yatima?"

Mtawala akaingilia kati. "Mama, halikutengenezwa litumike. Litakaa tu, adui aogope."

"Kitu cha kukaa tu, mbona kimetumaliza kabla adui hajakiona?"

Jirani mmoja akamvuta kanga. "Hata wewe ulipiga vigelegele, Mashavu."

"Nilipiga," akasema. "Basi nami nihesabiwe. Lakini mtoto huyu hakupiga."

Mtawala hakuthubutu kuivunja desturi mbele ya watu wote. Akaamuru geti lisifunguliwe mpaka bomu lipate mwenyewe. Akaenda zake, na maji ya kwake aliletewa kutoka nchi nyingine.

Tangu hapo bomu limesimama uwanjani bila kuonjwa. Mashavu amekaa kando ya seng'enge na mwanawe mapajani, na wote wawili wanayasikia maji yanavyotiririka upande wa pili.

Haya, mlionisikiliza, semeni ninyi. Bomu ni la nani, na nani alionje? Lubuva aliyelitoa ardhini, Sekela aliyeliamsha, Mapunda aliyelipa mabawa, Mtawala aliyeliagiza, au wale wote waliolishangilia? Geti litafunguliwa kwa jibu lenu. Bishaneni, lakini msibishane sana. Tunu ameacha kuitikisa njuga yake.