Mama Aliyekataa Kukandwa

Kulikuwa na mama mmoja aliyemfuata mumewe Thailand. Mume alikuwa mfanyabiashara wa vito, anapeleka mawe ya huku kuyauza kule, na mama akabaki nyumbani anatazamana na kuta. Akachoka. Akaamua ajifunze kukanda mwili kwa mtindo wa asili wa wenyeji wa kule. Naona akina baba fulani wameamka! Laleni tu. Kule ni tiba, inafundishwa kwa heshima zote. Mtu anakandwa akiwa na nguo zake, suruali pana na shati, amelala kwenye godoro jembamba sakafuni. Na kabla hujamgusa unaunganisha viganja, unaomba. Wenzake waliomba kwa imani yao, yeye akamwomba Yesu, na hakuna aliyemsumbua.

Mama huyu alikuwa na mkono, jamani. Akikupitishia dole gumba mguuni unashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Hata mwalimu wao, bibi mmoja mkali asiyesifu watu ovyo, alimsifu. Naye alikitaka cheti cha mafunzo hayo kwa moyo wake wote, maana alikusudia kurudi nyumbani afungue chumba chake, awakande wazee na watu waliopooza.

Ila alikuwa na kituko. Darasani wanakandana wawili wawili, nikikukanda na wewe unanikanda. Kwenye kukanda, yeye wa kwanza. Ikifika zamu ya kukandwa, hakosi udhuru. Leo tumbo, kesho anawahi mtoto shuleni, keshokutwa mgongo hautaki kuguswa. Mwenzake wa zamu, mama wa Kifilipino, akadhani anaonewa kinyaa, akawa analia chooni. Wengine wakasema ni maringo. Mama akawaacha waseme. Mnajua kwa nini mtu akubali kuitwa mwenye maringo?

Siku ya mtihani alimkanda bibi mwenyewe, nyayo mpaka kichwa. Bibi akainuka amelainika, cheti kiko pale mezani. Mama akajua kazi imekwisha.

“Sasa lala wewe,” bibi akamwambia.

Mama akapigwa na butwaa. Akasema amekuja kufanya mtihani, hakuja kukandwa. Bibi akamjibu kwamba huo ndio mtihani wenyewe, kwake hapati cheti mtu asiyejua mkono unavyosikika akiwa chini. Mama akatazama mlango, akatazama mezani. Akalala, ameuma meno.

Mfilipino akaanza. Nyayo, sawa. Muundi, sawa. Akapanda juu ya goti, upande wa ndani. Samahani, akina mama, hilo ni paja, na sote tunalo. Dole gumba likasimama. Likarudi nyuma kidogo, likaja tena, likasimama palepale. Mfilipino akauondoa mkono wake kama aliyeshika chungu cha moto. Ndani ya suruali, chini ya ngozi, kulikuwa na uvimbe mgumu unaojaza kiganja.

Bibi akapiga magoti, akapagusa taratibu. Uso ukambadilika.

“Nani anajua?”

“Hakuna.”

“Hata mumeo?”

“Hajui.”

“Kwa nini, mwanangu?”

Mama akajifunika uso. “Kanisani kwetu mimi ndiye ninayeombea wagonjwa.”

Mmemsikia? Mimi nikifika hapo nywele zinanisisimka.

Walimpeleka hospitali siku ileile. Daktari akamuuliza ulianza lini, akasema ulianza mdogo kama harage. Daktari akaagiza vipimo. Ilikuwa saratani. Angekuja ukiwa harage, wangeutoa akarudi kwake kwa miguu yake miwili. Mguu ukakatwa. Mumewe alisimama nje ya chumba anarudia neno moja tu, kwamba wao wanalala kitanda kimoja.

Mnaguna. Mnamgunia nani? Kanisa lake la kulekule lilimwona anachechemea madhabahuni, likasema ni viatu vipya. Kila Jumapili aliweka mikono juu ya vichwa vyao, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kumwekea yeye. Akaja kuguswa na mgeni, tena kwa kulazimishwa!

Ndugu zangu, hao ni sisi. Sisi ndio tuliokubaliana kwamba mzee wa kanisa hachoki, mama mchungaji haumwi, na mwalimu wa kwaya ndoa yake haitikisiki. Ukiulizwa habari za nyumbani, hata paa likiwa linaungua, unajibu nzuri. Na mwenzako anajua unaungua, lakini anashukuru umesema nzuri, ili awahi kwenda kula. Tunasema hiyo ndiyo imani. Imani gani inayokuficha mpaka ukatwe mguu? Nauliza, na aliye na jibu anipe.

Kwa hiyo leo siwaiti wagonjwa waje mbele. Wagonjwa, kaeni. Nawaita wanaowaombea. Wazee wa kanisa, akina mama wa maombi, kwaya, tokeni mje mpige magoti hapa, na mimi napiga pamoja nanyi. Ninyi mlio kwenye viti, inukeni mje mtuwekee mikono. Mtuulize mmoja mmoja panauma wapi. Na tukisema hapaumi, msiondoe mikono.