Ndoo Tatu Chini ya Koki Moja

Mwenye kigoda akikalie. Asiye nacho akalie alichojaliwa na Mungu, na naona humu wengine mmejaliwa sana. Mwenye jibu alimeze kwanza, nitaliomba mwenyewe.

Katika kijiji cha Makorongoni, nchi kavu ambako hata mbu huja na maji yake ya kunywa, waliishi wanawake watatu wa kikundi kiitwacho Tuinuane. Kila mmoja alikuwa na chake alichowazidi wenziwe.

Mwaja alikuwa na mikono. Akikushika bega kukusalimu, unaishia kumsalimia na daktari.

Perisi alikuwa na bati. Msicheke! Makorongoni nyumba zote ni tembe, juu udongo, chini udongo, mwenye nyumba naye anaelekea huko huko. Perisi peke yake ndiye aliyekuwa na paa la bati, aliloachiwa na marehemu mumewe. Jua likipiga, paa lile lilikuwa likionekana hadi kijiji cha pili, na kijiji cha pili walikuwa wakinuna.

Sechelela alikuwa na ulimi. Ulimi ule ungeweza kumuuzia fisi mboga za majani, na fisi akaondoka anasema asante.

Siku moja serikali ikaleta mradi. Mradi ulikuja na gari jeupe, na ndani ya gari alikuwemo Afisa Maendeleo, kijana mpole, viatu vimechongoka mbele kama vinanusa njia.

"Akina mama," akasema, "tumekuja kuwawezesha!"

Wakapiga makofi. Mtu akisema anakuwezesha, piga makofi kwanza. Kuwezeshwa kwenyewe utakuona mbele ya safari.

Akawaeleza. Watapewa tangi kubwa la plastiki la kuvuna maji ya mvua, wamwagilie matuta ya mboga, mchicha na chainizi, kila mwanamke na tuta lake. Ila kuna masharti. Tangi halikai chini, lijengewe msingi wa mawe. Halikai kwa mtu binafsi, likae penye banda la kikundi, na banda liwe na bati. Na halijifikishi lenyewe, walifuate mjini ofisini. Kwa hiyo, jamani, mradi uliwapa kila kitu isipokuwa pa kuliweka tangi, paa la kulijaza, na tangi.

Mwaja akaenda mlimani. Wanaume wa kijiji walikuwa wameombwa wasaidie, wakauliza posho ni shilingi ngapi, wakasikia hakuna, migongo ikawauma wote kwa pamoja. Mwaja akayateremsha mawe kwa kichwa. Mvua za kupandia zikadondoka. Wenzake wako shambani, yeye ana jiwe utosini. Msingi ulipokauka ndipo akakumbuka uwele wake. Akapanda kwa kuchelewa. Uwele ukachungulia, ukafika kwenye kifundo cha mguu, ukatazama hali ya dunia, ukarudi ndani.

Perisi akapanda juu ya nyumba yake na nyundo. Mwanawe wa kike akamuuliza kutoka chini, "Mama, unatafuta nini huko?"

"Maendeleo," akasema Perisi, na bati la kwanza likashuka.

Bati zote zikaenda kwenye banda la kikundi. Nyumba yake akaiezeka kwa nyasi na turubai lililotoboka. Aliahidiwa kwamba mradi ukikaa sawa atarudishiwa bati. Nani alimwahidi? Mpaka leo anatafutwa.

Sechelela akapanda lori la mkaa kwenda mjini. Tangi lilikuwa limelala uani kwa ofisi likingoja saini. Karani akamwambia, "Mama, mkubwa yuko kwenye kikao."

"Sawa, mwanangu. Kikao kinahusu nini?"

"Kuwawezesha wanawake wa vijijini."

"Basi kawaambie wasihangaike. Mmoja yuko hapa mlangoni, amekalia sakafu."

Akakalia sakafu ile leo, kesho na keshokutwa, akisimulia kwa sauti habari za Makorongoni kwa kila apitaye, mpaka wafanyakazi wakawa wanaingilia dirishani. Mwishowe saini ikatoka, labda kwa huruma, labda kwa kuchoka. Akarudi juu ya lori amekumbatia tangi kama bwana harusi. Nyumbani akakuta zizi wazi. Fisi walikuja wakamaliza mbuzi wake wote. Ulimi wa kuwabembeleza ulikuwa mjini.

Tangi likasimama. Wakalizunguka wakicheza, wakalipiga makofi, nalo likaitika buu, kwa maana lilikuwa tupu.

Kisha ikaja mvua moja. Moja tu, lakini ilikuja kama imetumwa kudai. Ikapiga bati, ikashuka kwenye mfereji, ikalijaza tangi mpaka shingoni. Wanawake wakapiga vigelegele gizani. Mvua hiyo hiyo ikapita kwenye turubai la Perisi, ikaloweka ukuta wa udongo, ukuta ukakaa chini. Perisi akalala nje na mwanawe, amelowa, huku akisikia maji yake yakiingia kwenye tangi la wote.

Basi ikapangwa sherehe ya uzinduzi. Akaja mgeni rasmi, tumbo limetangulia, mwenyewe anafuata. Akakata utepe, akafungua koki, maji yakaruka! Mpiga picha akasema, "Mheshimiwa, rudia, ulifumba macho." Akarudia. "Mheshimiwa, sasa na kikombe." Akashika kikombe. Kisha akageukia watu na kikombe mkononi, koki nyuma yake iko wazi, akaanza hotuba.

"Ndugu wananchi, maji ni uhai!"

Uhai ukawa unapita katikati ya miguu yake kuelekea korongoni.

Mwaja akainuka afunge. Mwenyekiti wa kijiji akamkonyeza vikali. "Kaa chini, mama. Huoni hotuba inaendelea?"

"Naona maji yanaendelea, Mwenyekiti."

"Keti! Unatutia aibu mbele ya wageni."

Akaketi. Mheshimiwa akamshukuru huyu, akamshukuru yule, akatoa mfano, akausahau, akaanza mwingine. Ngoma ikachezwa kwenye tope. Alipomaliza alifunga koki mwenyewe, kwa nguvu za kiongozi, akaizungusha mpaka kitu ndani kikalia kra! Tangu hapo koki haifungi sawasawa. Inadondosha.

Afisa Maendeleo alibaki nyuma. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ametumwa tu. Akasema bila kumtazama mtu usoni, "Akina mama, nikirudi nataka kuona kijani. Mwenye tuta la kijani ataendelea na mradi kwa jina lake, atapewa mbegu, na tangi litabaki mikononi mwake. Wengine watatolewa. Nisipoona kijani kabisa, tangi linakwenda kijiji kingine."

Akapanda gari jeupe, akaondoka na vumbi lake.

Mvua haikurudi. Mchicha waliokuwa wameupanda, kila mmoja kwenye tuta lake, ukaanza kuinama kama watu kwenye sala ya mazishi. Mwaja akagonga tangi kwa kidole, juu tupu, katikati tupu, chini kabisa ndipo sauti ikabadilika.

"Yamebaki ya tuta moja," akasema.

"Tugawane basi," akasema Perisi.

"Tukigawana," akasema Sechelela, "tutakausha matuta matatu kwa haki na usawa, halafu tuwape watu wa kijiji kingine tangi."

Namwona mwerevu mmoja pale anainua mkono. Unataka kusema wachague tuta moja, wavune pamoja. Shusha mkono, baba. Walilisema hilo kabla yako, likazaa swali lile lile, tuta la nani? Jina linaloendelea ni moja, na mchicha wa tuta moja haulishi nyumba tatu. Haulishi hata nyumba moja vizuri.

"Mimi ndiye msingi," akasema Mwaja. "Bila mimi lingesimama wapi? Shamba langu mmeliona. Sina punje."

"Na bila bati zangu lingejazwa na nini? Mate yako?" akasema Perisi. "Wewe umekosa uwele, mwenzangu. Mimi nimekosa ukuta. Mwanangu analala anahesabu nyota."

"Mawe yenu na bati zenu vingekuwa vinangoja mpaka leo," akasema Sechelela. "Tangi lilikuwa mjini. Nani alilileta? Fisi ndio wanajua nililipa nini."

Walikuwa wamechezeana harusi, wamezikiana waume, na hakuna aliyesema uongo.

Kila mmoja akaenda kwake akarudi na ndoo. Wakasimama mbele ya koki. Koki inadondosha: to... to... Ungedhani angalau watakinga hilo tone lisipotee. Lakini wakinge kwa ndoo ya nani? Mwaja akisogeza yake, Perisi anaisukuma kwa mguu. Perisi akisogeza yake, Sechelela anaiinua. Ndoo tatu zimezunguka koki moja, zote kavu, na tone linaanguka katikati, kwenye mchanga. Kuku wa mwenyekiti ndiye anayekunywa.

Nimewaacha hapo, wamesimama, hakuna anayemtazama mwenzake.

Sasa lile jibu ulilolimeza, litoe. Mwenye mikono, mwenye bati, au mwenye ulimi? Je, wewe ungemfungulia nani?

Na usifikiri sana, ndugu yangu. Sikiliza. To... to...