Ngazi Haijiegemezi

"Ngazi haijiegemezi." Mzee Obadia ameyasema hayo leo asubuhi, akiwa amesimama kando ya kisima chetu na kuku wake aliyekufa maji mkononi. Kisha akaokota fimbo yake akaenda zake. Ninyi watatu mkabaki mnatazamana, na Faraja ukaniuliza, "Mama, ngazi gani? Mbona hapa hakuna ngazi?"

Kaeni chini, Faraja na Elia. Na wewe Tusekile, ingawa ni mtoto wa jirani na si kwenu hapa, kaa. Methali hii hatukuachiwa na mababu. Ilizaliwa hapa hapa Makambako, mwaka mmoja kabla ya Faraja, na mimi nilikuwepo. Chanzo chake ni hiki.

Nyuma ya soko palikuwa panajengwa ghorofa, nyumba ya kulala wageni. Aliyepewa kazi hiyo ni mkandarasi aliyeitwa Bwana Kiswaga. Chini yake alikuwepo Fundi Chaula, msimamizi wa mafundi na vibarua. Mimi nilikuwa mtunza stoo. Nilikuwa nimetoka chuo na stashahada yangu, nina daftari jipya, na nilijiona mtu wa maana sana. Kila kitu kilichotoka stooni nilikiandika: misumari, saruji, machepe, makarai. Watu sikuwaandika. Sikuambiwa niwaandike, nami sikuuliza.

Vibarua waliajiriwa kwa kidole. Walikusanyika alfajiri langoni, Fundi Chaula akatoka na kikombe chake cha chai, akanyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Aliyenyooshewa aliingia. Jioni alipewa chake mkononi akaenda nyumbani. Hapakuwa na karatasi wala saini. Obadia Mlowe, ambaye ninyi mnamwita mzee ingawa wakati ule alikuwa kijana mwenye mtoto mmoja, alinyooshewa kidole kila siku kwa wiki saba.

Sasa ngazi. Ile haikuwa ngazi ya dukani. Mafundi waliipigilia wenyewe kwa mirunda mibichi, ndefu kufika ghorofa ya pili, na ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Kuisimamisha kulihitaji wanaume wanne. Wawili walikanyagia miguu yake isiteleze. Wawili waliinua kichwa chake na kutembea nacho, mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka isimame na kuegemea ukuta. Kila mtu alikuwa na mahali pake, na hakuna aliyebadilishana na mwenzake, kwa sababu mikono ilikuwa imeshazoeana.

Siku ya Jumanne, baada ya mvua ya usiku kucha, Fundi Chaula aliagiza ngazi iegemezwe upande wa nyuma, juu ya kifusi kilichokuwa hakijashindiliwa. Walipomaliza alimwambia Obadia apande na karai la chokaa. Alipofika karibu na juu, mguu mmoja wa ngazi ulizama. Mimi sikumwona akianguka. Nilisikia karai.

Alivunjika mguu juu ya goti na alipigiza kichwa. Hospitalini alilala siku tatu bila kujua yuko wapi. Alipozinduka alimjua mkewe, alijua jina la mtoto wake, lakini siku ile yote ilikuwa imefutika, pamoja na wiki kadhaa za nyuma yake. Velonika, mkewe, alimuuliza, "Ulitumwa na nani juu kule?"

"Juu wapi?" akasema Obadia.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza, na ulituingia sote.

Velonika alikuja kwa Fundi Chaula. Chaula akasema, "Shemeji, mimi nimeajiriwa kama yeye tu. Nenda kwa Bwana Kiswaga." Akaenda kwa Bwana Kiswaga. Kiswaga akasema, "Mimi sina mtu wa jina hilo. Vibarua ni wa Chaula." Akarudi kwa Chaula, Chaula akamwelekeza kwa mwenye jengo. Mwenye jengo akamwambia yeye aliagiza nyumba, hakuagiza watu. Velonika alizunguka hivyo wiki nzima, mtoto mgongoni, mpaka akawa hajui tena anatafuta nini. Mumewe hakuwa mtu wa yeyote.

Akaja kwangu. Nakumbuka aliniita dada. "Dada, wewe una daftari. Hebu mtafute humo."

Nikafungua daftari mbele yake. Daftari langu lilikuwa na misumari, halikuwa na watu. Nikamwambia, "Hayumo." Nilisema kweli, na hadi leo sijui kwa nini kweli ile ilikuwa na ladha ya uongo.

Jambo lingine lilizidi kuwavuruga. Chaula alikwenda kuwatembelea na kilo mbili za sukari na sabuni ya mche, akasema pole. Baba yake Obadia aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu anavyopokea. Basi wazee wa ukoo wakaanza kubishana. Mmoja akasema, "Tukishapokea pole, tumeshasamehe. Kurudi kudai ni utovu wa adabu." Mwingine akauliza, "Sukari ya kilo mbili ndiyo bei ya mguu?" Wakalala hawajaelewana.

Mbaya zaidi ni pale Bwana Kiswaga alipopata maelezo yake. Alianza kusema kwamba Obadia hakuwa kibarua kabisa. Eti alikuwa mpita njia aliyekuja kutafuta kazi, akaona ngazi, akajiegemezea mwenyewe, akapanda ili aonekane hodari. Maneno hayo yalirudiwa sokoni, yakarudiwa kilabuni, yakafika kitandani kwa Obadia. Na Obadia, kwa kuwa hakukumbuka kitu, akaanza kuyaamini. "Huenda ni kweli," alimwambia mkewe. "Huenda nilikwenda tu."

Velonika akamjibu, "Wiki saba nimekufungia viazi kwenye kitambaa. Nilikuwa namfungia mpita njia?"

Siku hiyo hiyo alitafuta mtu wa kumwandikia barua kwenda ofisi ya kazi.

Afisa kazi alifika wiki ya sita tangu ajali. Alikuwa mwanamke mfupi, Bi. Haule, na viatu vyake vilikuwa vya mtu aliyezoea matope. Alitukusanya wote nyuma ya jengo. Obadia aliletwa na baiskeli ya kubebea magunia, akasimama kwa magongo mawili, akiangalia ukuta kama mgeni. Ngazi ilikuwa chini palepale. Tangu ajali hakuna aliyetaka kuigusa.

Bwana Kiswaga alitoa maelezo yake kwa ufasaha mkubwa. Bi. Haule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo aliiegemeza peke yake?"

"Peke yake, mama."

"Ngazi hii?"

"Hii hii."

"Mchague mtu wako mwenye nguvu kuliko wote, anioneshe."

Kiswaga akamwita kibarua tuliyekuwa tukimwita Trekta. Trekta alitema mate viganjani, akainua kichwa cha ngazi mpaka kifuani. Miguu ya ngazi ikateleza nyuma. Akasogea, ikateleza tena. Akaisukuma mpaka ikagota kwenye rundo la tofali, akaipandisha hadi usawa wa kichwa chake, ikapinda upande, akaruka pembeni, ngazi ikaanguka kwa kishindo.

"Trekta limezama!" akapiga kelele mmoja.

"Mwekeeni dizeli!"

"Njoo ubebe wewe mwenye mdomo," Trekta akajibu huku akihema. Watu wakacheka. Hata Bi. Haule alitabasamu kidogo, kisha akasema, "Sawa. Sasa iegemezeni kama mnavyofanya siku zote."

Hakuna aliyepangwa. Trekta alikwenda kichwani, upande wa kulia. Mwenzake akaenda kushoto kwake. Wa tatu akakanyagia mguu wa kulia wa ngazi. Wakainama, wakashika, wakasubiri.

Wakaendelea kusubiri. Mguu wa kushoto haukuwa na mtu.

Nimeona mambo mengi, lakini ile nafasi tupu sijaisahau. Wale watatu waliinua macho kwa pamoja wakaitazama, kana kwamba mtu amechelewa tu na atafika. Bwana Kiswaga akafoka. "Chaula! Kwani huoni? Kanyaga pale!"

Fundi Chaula hakusogea. "Pale si pangu, bosi."

"Ni pa nani?" Bi. Haule akauliza.

Chaula aliangalia kifusi, akaangalia buti zake. Alikuwa na watoto wanne na kazi moja, nami nilimwona akiwahesabu.

"Pa Obadia," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoipigilia ngazi yenyewe. Na kupanda siku ile nilimtuma mimi. Mimi nilitumwa na Bwana Kiswaga, ukuta uishe kabla ya Ijumaa."

Kiswaga akacheka kicheko kikavu. "Mama afisa, hawa wamepanga. Labda aliikuta imeshaegemezwa, akapanda tu."

Hapo Velonika alimpa jirani mtoto wake ashike, akasogea mbele.

"Bwana Kiswaga," akasema, "ngazi haijiegemezi."

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayemweleza mtoto kwamba maji ni maji.

Bi. Haule akanigeukia. "Mtunza stoo ni wewe? Mtu huyu unamjua?"

Kiswaga akaniambia taratibu, "Mama Stoo, kumbuka kazi yako."

Ningependa kuwaambia kwamba nilijibu papo hapo. Sikujibu. Nilisimama na daftari langu kifuani nikifikiria kodi ya chumba, na nikijiambia kwamba kwa wiki sita hakuna aliyeniuliza swali hili, kisha nikakumbuka kwamba Velonika aliniuliza, nami nikamjibu kwa daftari. Kichwa changu kilikuwa kimevurugika kuliko cha Obadia. Mwishowe nikasema, "Kazi yangu naikumbuka. Kila asubuhi nilimpa karai. Humu limeandikwa karai namba nane, kwa wiki saba. Jina lake sikuliandika, lakini karai namba nane halikujibeba."

Ndipo tuliposikia sauti ya Obadia nyuma yetu. Hakuwa anazungumza na afisa wala na Kiswaga.

"Velonika," alisema, "kumbe nilikuwa nafanya kazi hapa."

Akaanza kulia. Wiki baada ya wiki mtu huyo aliaminishwa kwamba aliuvunja mguu wake mwenyewe kwa ujinga.

Bi. Haule alituelekeza pale pale, na niliyashika maneno yake, nanyi yashikeni. Alisema kwamba kidole cha asubuhi ni ajira sawasawa na karatasi, kwa sababu mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Alisema aliyeumia akifanya kazi ya mtu ana haki ya kutibiwa, haki ya kulipwa siku anazolala bila kufanya kazi, na haki ya fidia kwa ulemavu unaobaki mwilini. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali, si kutunga hadithi. Baba yake Obadia akauliza kwa aibu kuhusu ile sukari. Bi. Haule akamjibu, "Mzee, sukari ile ni ya chai. Kunyweni. Haki ya mwanao haikuyeyukia humo."

Haikuisha siku ile. Kulikuwa na fomu, kulikuwa na daktari wa kupima ulemavu, kulikuwa na safari za kwenda na kurudi ambazo Velonika alizifanya akiwa hazielewi nusu yake. Lakini sasa alijua mlango wa kubisha. Mwaka uliofuata fidia ililipwa. Mguu haukurudi kama ulivyokuwa, na ndiyo maana Mzee Obadia anatembea na fimbo. Kwa fidia ile alifungua karakana yake ya useremala, anakokaa kwenye kigoda akipiga randa. Fundi Chaula alihamia kwa mkandarasi mwingine. Mimi nilifukuzwa Ijumaa ya wiki ile aliyokuja Bi. Haule. Tuyaache hayo, nilipata kazi nyingine, na huko nilianza na daftari la watu.

Vibarua ndio walioichukua kauli ya Velonika. Kila msimamizi aliposema "sijui ilikuwaje" au "imetokea tu", alijibiwa kwa sauti moja: ngazi haijiegemezi. Ikatoka kwenye majengo ikaingia sokoni, ikaingia majumbani. Leo imefika kisimani kwangu.

Sasa turudi kisimani. Mfuniko wa kisima ni wa zege. Mimi mwenyewe siwezi kuusogeza peke yangu. Jana jioni ulikuwa umefungwa. Leo asubuhi ulikuwa wazi, kuku ameshatumbukia, na mdogo wake Tusekile anayetambaa alikuwa anacheza hatua tano kutoka pale. Nimewauliza mmoja mmoja. Elia umesema uliukuta wazi. Faraja umesema huenda ni upepo. Tusekile umesema wewe si wa hapa.

Msiniangalie mimi. Angalieni mikono yenu.

"Mama," Elia amesema sasa hivi, kwa sauti ndogo, "mimi nilishika upande wa kushoto."

"Mimi kulia," amesema Faraja. "Tulitaka kuona kama kuna vyura."

Tusekile ameangalia viganja vyake. "Mimi ndiye niliyesema haya, tuinue."

Vizuri. Mmekuwa wepesi kunishinda mimi, niliyehitaji wiki sita. Nendeni mkaufunge mfuniko, wote watatu, kila mtu mahali pake pa asubuhi. Kisha mpelekeeni Mzee Obadia kuku mwingine aliye hai, mumwambie mmeshaelewa.

Ngazi haijiegemezi.