Mwenye Mimba Hamsubiri Mwenye Nyumba

Mwenye mimba hamsubiri mwenye nyumba. Leo mmeisikia jikoni mkacheka, mkadhani ni methali ya walafi. Haya, acheni kunichekea, sikilizeni. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Ujiji palikuwa na Mzee Kitwana, fundi cherehani, mtu wa heshima zake. Nyumbani kwake chakula hakiguswi mpaka yeye arudi na kunawa mikono. Na kurudi kwenyewe sasa. Akitoka msikitini adhuhuri anapitia barazani kucheza bao, na bao mnalijua, mtu akishakaa hainuki. Wali unapoa, wanawake wanameza mate.

Siwatu, mke wa mwanawe, alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na hii ya pili ikamletea sukari. Kliniki wakampa sindano za insulini, wakamwambia: ukichoma, kula, kula kidogo kidogo na kwa wakati, usishinde na njaa kisha ukajaza tumbo. Siwatu akaitikia. Lakini mtu na baba mkwe wake, atamwambiaje kwamba anataka kumtangulia kula? Akaona haya, akanyamaza. Akawa anachoma sindano, anapika, anasubiri. Mzee akirudi, mama mkwe, Bi Chausiku, anamjazia sahani mlima: "Kula mwanangu, mko wawili."

Siku moja bao likanoga. Siwatu alikuwa akipakua wali, mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtiririka, akakaa chini kando ya jiko. Bi Chausiku moyo ulimpasuka, akajua anawapoteza wote wawili. Akakoroga sukari kwenye maji, akamnywesha taratibu. Nguvu ziliporudi, Siwatu akasema yote huku analia, kwamba sindano hushusha sukari mwilini na asipokula kwa wakati humwangusha.

Bi Chausiku hakumgombeza. Akachukua sahani ndogo, akampakulia maharage na wali kiasi, akakaa naye mpaka akala.

Mzee akaingia. "Nani kaanza kula kabla yangu?"

"Mjukuu wako," akajibu Bi Chausiku. "Wewe ulikuwa unahesabu kete, yeye njaa ilikuwa inamuua."

Akamweleza. Mzee akavua kofia, akakaa. "Kwa nini hukuniambia, mama?" akamwuliza Siwatu.

"Niliona haya, baba," Siwatu akasema.

"Basi haya hiyo iishe leo."

Tangu hapo sahani ya Siwatu ilitoka kwa wakati wake, mzee awepo asiwepo. Sukari ikatulia. Akajifungua mtoto wa kike, mzima wa afya, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na nyumba nzima ikashusha pumzi. Alhamdulillahi.

Barazani wenzake wakamtania. "Kitwana, tunasikia siku hizi mkweo anakutangulia kula. Heshima yako imekwenda wapi?"

Mzee akasogeza kete zake bila haraka. "Heshima yangu iko nyumbani, inanyonya," akasema. "Mwenye mimba hamsubiri mwenye nyumba."