Ufunguo wa Gari la Mzee Shemdoe

Hapo zamani, si zamani sana, maana wanaume walishaanza kujua kila kitu kuhusu magari, gari la Mzee Shemdoe wa Lushoto lilikataa kuwaka. Macho yake yalikuwa hayaoni tena barabara vizuri, basi akatangaza, "Mtu wa nyumba hii atakayelitengeneza hapa hapa uani, ufunguo ni wake na gari ni lake."

Aliyelitaka zaidi ni binti yake Hiari. Kila siku alipanda mlima na ndoo ya mtindi kichwani, na shingo ilishaanza kumsumbua. Akafungua boneti. Akachomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini, mama yake akazungusha ufunguo ili waone kama itatoa cheche. Giza. Ya pili, giza. Zote nne, giza.

"Betri nzima, mafuta yapo," Hiari akasema. "Hakuna cheche. Koili inayozizalisha imekufa."

Akarudisha plagi, akabeba ndoo, akawahi wateja.

Kaka yake Haruni akaamka saa nne, mama akampa habari ya koili. Akaendesha baiskeli hadi mjini, akarudi na koili iliyotumika, kaizungushia gazeti. Mkewe Zaina akasogea.

"Baba Nasri, weka alama kwanza kwenye hizo waya, kila moja ina plagi yake."

"Mama Nasri, hii si mboga."

Haya. Haruni alipoingia kunywa chai, Zaina akachana kanga kuukuu, akafunga kitambaa kwenye kila waya: fundo moja, mawili, matatu, manne. Kisha akarudi jikoni.

Haruni akachomoa waya zote. Akafunga koili, akasugua plagi kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, akarudisha waya anavyojua yeye. Gari likakohoa, likalipuka puu, kuku wakahamia kwa jirani. Akachomoa, akarudisha. Puu. Adhuhuri ikapita. Mafundo aliyaona, akadhani urembo.

Alasiri Zaina akajifuta unga mikononi, akapanga waya kwa mafundo yake. Likawaka, likatulia.

Hiari, aliyekuwa amerudi, ndoo bado kichwani, akasema, "Bila mimi mngekuwa mnanunua betri mpaka sasa."

"Dada, kujua tu hakuwashi gari," Haruni akajibu. "Koili kaifunga nani? Na huyu tangu asubuhi ananitazama ninavyoteseka, kimya."

"Sikukaa kimya, nilinyamazishwa," akasema Zaina. "Nikasonga ugali, nikasubiri uniulize."

"Wifi," Hiari akamwambia Zaina, "ungerudia mara moja tu, kuku wangekuwa nyumbani."

"Wifi, ungebaki kumalizia ulichoanza, nisingechana kanga yangu."

Mzee Shemdoe akawatazama wote watatu. Ufunguo umerudi kiganjani mwake, na ndoo bado iko juu ya shingo ya Hiari. Na ninyi mnaonisikiliza msinijie na "wagawane", usukani ni mmoja. Wala msiseme apewe Haruni kwa kuwa ni mwanamume. Hoja hiyo nimeshaitupa nje kabla hamjafungua midomo. Semeni kwa sababu: ufunguo huo, ungeuweka mkononi mwa nani?