Kabati la Fundi Mhina

"Kabati la mtoto hupimwa kiunoni kwa mama."

Mmeusikia msemo huu leo asubuhi, pale kaka yenu alipokuwa akituonyesha jiko analotaka kumjengea mama yake, meko huku, bomba kule, na mama mwenyewe hajaulizwa hata neno. Bibi yenu akamkata kauli kwa maneno hayo, nanyi mkacheka mkidhani ni mzaha. Si mzaha. Yuko mtu aliyeulipia msemo huu kwa uso wake mbele ya watu. Tulieni basi, niwape chanzo chake.

Palikuwa na fundi cherehani mjini Muheza, jina lake Mhina. Tepu ya kupimia haikumtoka shingoni, hata watu wakamtania kwamba analala nayo. Ufundi wake ulikuwa wa kweli. Ulipopita tu mbele ya kibaraza chake alikuwa ameshajua mabega yako na urefu wa mikono yako. Mkewe, Sikudhani, ndiye hakuhitaji kupimwa kabisa. Alimkatia magauni bila hata kumwita, na yakamkaa kama yamemwagwa juu yake. Mhina alijisifia jambo hilo kila alipopata wa kumsikiliza.

"Mimi mke wangu namjua," alikuwa akisema. "Hata gizani namkatia nguo."

Yashikeni maneno hayo, yatarudi.

Sikudhani alikuwa mfupi, tena mfupi hasa, wale ambao kitu kikiwa juu ya rafu huita mtu. Alikaa na mumewe miaka mingi bila mtoto, mpaka watu wakachoka kuuliza. Kisha Mungu akawapa mtoto wa kiume, Mbaraka, naye hakuja kwa urahisi. Alitolewa kwa kisu, na mama yake akarudi nyumbani akitembea kwa kushika ukuta.

Sasa, watu wa mji ule hawakuwa wakimnunulia mtoto vitu kabla hajazaliwa. Walisema ni kumchuria, kumwitia mkosi. Vitu vyote hununuliwa mtoto akishaonekana, na wakati huo mama yuko ndani anangoja arobaini, hatoki. Kwa hiyo anayekwenda dukani ni baba. Mhina, kwa furaha ya kumpata mtoto aliyemngoja muda wote huo, akasema hatanunua beseni na mkeka kama watu wengine. Alikwenda peke yake kwenye duka la samani karibu na stendi.

Muuzaji akampeleka upande wa makabati ya droo. "Haya yametengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga," alimwambia. "Nguo zake zinakaa humu chini. Hapa juu pana kigodoro, unamlaza, unambadilisha nepi bila kuinama. Kabati moja, kazi mbili."

Yalikuwepo mengi, lakini macho ya Mhina yalisimama kwenye mawili. Moja lilikuwa fupi, limepakwa rangi ya maziwa, halina makuu. La pili lilikuwa la mninga, limepigwa vanishi mpaka unajiona uso, vishikio vya droo vinang'aa kama dhahabu, na miguu yake mirefu imechongwa kwa mashine. Mhina alilizunguka lile la mninga kama mtu anayemzunguka ng'ombe wa mahari.

"Mama mtoto ni mrefu kiasi gani, fundi?" muuzaji akauliza.

"Kwani kabati ni la mama?" Mhina akacheka. "La mtoto hili, bwana."

Muuzaji naye akacheka. Angefanyaje? Mteja akicheka, unacheka naye.

Mimi nitawaambia kilichokuwa moyoni mwa Mhina, maana baadaye alikisema mwenyewe. Sebule yake ilikuwa na dirisha lililotazama barabara. Kabati fupi lisingeonekana pale dirishani. Lile la mninga lingeonekana, na kila apitaye angejua kwamba fundi Mhina amepata mtoto na mtoto ana kabati. Basi hicho ndicho kipimo alichokwenda nacho dukani, kipimo cha dirisha.

Kabati lilipoletwa, Sikudhani alitoka chumbani taratibu akaja kulitazama. Sehemu ya juu, pale pa kumlaza mtoto, ilimfika mabegani. Alifungua kinywa aseme. Akamwona mumewe anafuta vishikio kwa upindo wa shati lake mwenyewe, uso umechangamka kama wa mtoto siku ya Idi. Akakifunga.

"Zuri," alisema. "Mungu akuzidishie, baba Mbaraka."

Ili amweke mtoto juu ya lile kabati, ilimbidi anyanyue mikono mpaka mshono umvute tumboni. Alijaribu, akashindwa. Kwa hiyo mumewe alipokwenda kazini alitandika mkeka chini, akambadilisha mtoto hapo, akaunyanyua kabla hajarudi. Mambo yakaenda hivyo mpaka mchana mmoja Mhina aliporudi ghafla kufuata mkasi aliousahau.

"Chini!" alisema. "Nimekuletea kitu ambacho mji mzima hauna, wewe unambadilisha mwanangu chini kama tuko safarini? Hivi wewe kizuri hukitambui?"

Aliyasema kwa sauti, na mama yake, Bi Mwantumu, aliyekuja kumtunza mzazi, alikuwa jikoni akayasikia yote. Tangu hapo akawa anamtazama mkwewe kwa jicho la pembeni, akidhani amepata mtu asiye na shukrani. Sikudhani aliliona jicho lile. Ni kitu kizito, wanangu, kuonwa huna shukrani na mtu anayekukanda maji ya moto kila asubuhi.

Ndipo akatafuta cha kukanyagia. Vigoda vya nyumba ile vilikuwa vifupi, na ndoo zilibonyea. Kitu imara kilikuwa kimoja tu, nacho ni kinu. Na kwao kinu hakikaliwi, seuze kupandwa kwa miguu. Kinu ndicho kinachowapa watu chakula, na mwanamke anayekikanyaga huambiwa anaita njaa nyumbani kwake. Sikudhani alilelewa vizuri, aliyajua hayo tangu utotoni. Alikipindua hivyo hivyo, akakificha nyuma ya mlango wa sebule na kukifunika kanga. Kila mara alingoja Bi Mwantumu atoke aende uani, ndipo apande, moyo unamwenda mbio. Bi Mwantumu alipokiulizia, alimjibu kimeazimwa na jirani. Mke mwema akawa mwongo kwa sababu ya kabati.

Ikafika arobaini. Nyumba ilijaa, wanawake sebuleni na wanaume barazani. Pilau ikaliwa, dua ikasomwa. Mhina alivaa kanzu, na juu ya kanzu, shingoni, tepu ilikuwepo, kaisahau kwa mazoea. Mtoto akalia, amejichafua. Sikudhani akamchukua akaelekea chumbani.

"Hapana, mama Mbaraka!" Mhina akaita toka mlangoni. "Mbadilishie hapa hapa, wageni waone. Jamani, oneni kabati la kisasa linavyofanya kazi."

"Nitambadilishia ndani, baba Mbaraka," alisema polepole. "Wageni wanakula tende."

"Hapa hapa. Unaona haya ya nini?"

Wanaume nao wakachungulia dirishani, dirisha lile lile. Sikudhani alisogea kwenye kabati. Akasimama kwa ncha za vidole, akamnyanyua mtoto, akamlaza juu kwa shida. Alipofungua nepi mtoto akapiga miguu, akageuka, na mikono ya mama yake haikufika kumshika. Akateleza kuelekea ukingoni. Bi Mwantumu, aliyekuwa amesimama karibu, ndiye aliyemdaka.

Mtoto akaangua kilio.

Bi Mwantumu alimpakata mjukuu wake mpaka akatulia, kisha akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, siku zote huwa unafanyaje?"

Sikudhani alikwenda nyuma ya mlango, akaondoa kanga, na kinu kikaonekana, kimepinduliwa, kitako juu, na alama za nyayo juu yake.

"Kinu!" wanawake waliguna. Mmoja alijishika mdomo.

Mhina alihisi damu inampanda usoni. Alidhani aibu ile ni ya mkewe. "Unakanyaga kinu, Sikudhani? Nyumbani kwangu? Mbele ya mama yangu?"

"Nyamaza wewe," alisema Bi Mwantumu, bila kupandisha sauti. "Njoo hapa. Kiuno cha mkeo unakijua?"

Mhina alishangaa. "Nakijua, mama."

"Husemi kila siku kwamba unakijua hata gizani? Basi tepu iache hapo shingoni. Niwekee mkono kwenye hilo kabati, pale kiuno cha mkeo kinapofika."

Angekataa vipi? Hata kama angetaka kukosea, mkono wake usingekubali, maana mkono wa fundi hauwezi kudanganya kipimo. Ulikwenda wenyewe, ukapita sehemu ya juu, ukapita droo ya kwanza, ukapita ya pili, ukatua kwenye kishikio cha droo ya tatu. Pale ukasimama. Kigodoro cha mtoto kilikuwa huko juu, na mkono wa Mhina uko huku chini, na watu wote wanatazama nafasi iliyokuwa katikati.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mhina aliinama vile, mkono kwenye kishikio alichokuwa akikifuta kwa shati, akaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Aliukumbuka mkeka, na maneno aliyoyasema kwa sauti mama yake ayasikie. Aliukumbuka mshono. Akilini alimwona mkewe anapanda kinu na kushuka, na tumbo limeshonwa, na yeye yuko kibarazani anawasimulia wateja habari za kabati. Alitamani ardhi ipasuke aingie na kanzu yake.

Bi Mwantumu alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akasema, "Kabati la mtoto hupimwa kiunoni kwa mama." Kisha akamshika Sikudhani mkono. "Na mimi mwanangu unisamehe. Nilikutazama vibaya."

Mhina alikibeba kinu mwenyewe mpaka uani, akaketi chini na kukiosha, amevaa kanzu yake ya sherehe. Wanaume wa barazani walimwona, wakageuza nyuso. Sikudhani akamfuata.

"Kwa nini hukuniambia?" Mhina aliuliza, hamtazami.

"Ulikuwa umefurahi sana," alisema. "Nami nilingoja uniulize."

Arobaini ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Sikudhani alikuwa huru kutoka. Safari yake ya kwanza ilikuwa dukani kwa yule muuzaji. Mbele yake mumewe alisukuma mkokoteni wenye kabati la mninga, na barabara nzima, iliyoliona likija, ikaliona likirudi. Kila aliyeuliza, Mhina alimjibu ukweli: "Sikumpima mke wangu." Muuzaji naye alipowaona hakusema "Nilikuuliza." Alitazama pembeni tu, na hilo likamchoma Mhina kuliko kuambiwa.

Sikudhani alipita kabati moja baada ya jingine, akimlaza Mbaraka juu ya kila moja na kumvua nepi na kumvika. La rangi ya maziwa alilisifu, akaliacha kwa kuwa halina kingo. Alilochagua lilikuwa kwenye kona, vanishi imepata mabaka, lakini sehemu ya juu ilikuwa na kingo pande zote, na hapo viwiko vya Sikudhani vilipinda vizuri, bila kunyanyua mikono. Mhina alisimama nyuma yake na tepu yake shingoni, wala hakutoa neno. Lile kabati lenye mabaka halikuonekana dirishani hata kidogo.

Tangu siku hiyo, mwanamume aliyekuja kibarazani kwake akisema, "Nishonee mke wangu gauni, mwili wake ni kama wa yule pale," Mhina aliweka mkasi chini. "Mlete mwenyewe," alimwambia. Mtu akibisha, alimsimulia yote, mkeka, kinu na droo ya tatu, bila kujificha hata kidogo, na kila alipofika kwenye droo ya tatu sauti yake ilishuka. Kisha alimalizia kwa maneno ya mama yake, ambayo sasa mnajua yalimgharimu nini: kabati la mtoto hupimwa kiunoni kwa mama.