Mti Mrefu wa Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na harusi zao, palikuwa na kinu kikubwa cha kukamulia mafuta ya ufuta. Farasi ndiye aliyekizungusha, na kila akikamua, kibuyu cha kwanza kilikuwa chake.

Bi Digidigi aliona wivu, tena wivu wa kukosa usingizi! Watoto wake walikuwa wamepauka ngozi. Wa Farasi waling'aa.

"Hana lolote, mbio tu!" alinung'unika.

Ikafika harusi ya binti wa Tembo. Tembo akataka mtungi ujae mafuta kabla jua halijazama. Bi Digidigi akajitokeza mbele za watu.

"Leo nazungusha mimi!"

"Wewe?" Farasi akacheka, hi-hi-hiii! "Na vijiguu hivyo?"

"Basi tushindane. Atakayekifanya kinu kizunguke kikiwa kimejaa ufuta pomoni, kazi ni yake na kibuyu ni chake. Wewe mwenye mbio chukua mti huu mfupi wa kuzungushia kinu, uzunguke upesi upesi. Mimi mnyonge nitahangaika na ule mrefu."

Farasi kwa kupenda sifa akakubali. Akafungwa kwenye mti mfupi, karibu kabisa na kinu. Akavuta, hmmm! Akapiga kwato, pu! pu! Vumbi likatimka, kinu kikakaa kimya.

Bi Digidigi akachomeka mti mrefu, akajifunga kwenye ncha yake, hatua ishirini kutoka kinuni. Akaegemea. Kwiii... kwiii... Loo! Kinu kikazunguka!

"Uchawi!" akafoka Farasi.

"Uchawi gani, bwana? Ukishika mbali, kinu huwa chepesi!"

Vigelegele vikapigwa. Sasa ikawa zamu ya Farasi kuumia moyo.

Lakini mti mrefu una mzunguko mrefu, na miguu ya Bi Digidigi ilikuwa mifupi. Alitembea, akatembea. Mafuta yakadondoka, to... to... to... Alasiri ikafika, mtungi haujafika hata nusu. Ngoma za wakwe zikaanza kusikika.

"Bi Digidigi, mafuta yako wapi?" akauliza Tembo.

Ilimuuma Bi Digidigi kulisema, lakini akalisema: "Bwana Farasi... njoo."

Farasi akajifunga kwenye ncha ileile, akatoka mbio, tiri tiri tiri! Mafuta yakamwagika, chururu! Mtungi ukajaa jua likiwa bado juu ya miti.

Tembo akajaza vibuyu viwili sawasawa, kimoja cha aliyejua pa kushika, kimoja cha mwenye mbio. Farasi akachukua chake, akaenda zake.

"Chake kimejaa zaidi!" Bi Digidigi akamfuata mpaka mlangoni kwake, akikichungulia kibuyu kile.

Aliporudi, cha kwake alichokiacha wazi jamvini kilikuwa kimepinduliwa na kuku wa harusi. Watoto wake wakaenda kucheza ngoma wamepauka vilevile.

Wanangu, kukianzisha kinu kuzunguka kunataka pa kushika, kumaliza upesi kunataka mbio, na mwenye wivu hata akijaziwa kibuyu chake hakioni.